Namna ya Kupanga Maonyesho ya Faragha Jukwaani: Mwongozo kwa Vikundi vya Uigizaji vya Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Vita vya jukwaani haviigizwi mpaka mtu awe amepanga nani atarusha ngumi ya kwanza, itapita umbali gani kutoka usoni mwa mwenzake, na anayepigwa ataangukia upande upi. Hakuna mwelekezi makini anayewakabidhi waigizaji mapanga na kuwaambia wapigane jinsi watakavyohisi. Lakini igizo lile lile likifika kwenye busu, usiku wa harusi, mke anayelazimishwa na mume mlevi, au mama anayejifungua mbele ya wakunga, mara nyingi waigizaji huambiwa wakamalizane wenyewe pembeni, na watakachorudi nacho ndicho kitakachoigizwa. Mwongozo huu unawahusu waelekezi, walimu wa drama na viongozi wa vikundi wanaotaka kuiacha desturi hiyo na kumpa mtu mmoja kazi ya kuyapanga matendo ya faragha hatua kwa hatua, jinsi ngoma na mapigano yanavyopangwa.

Kazi hii ina historia fupi. Mwaka 2006 Tonia Sina, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth nchini Marekani, aliandika tasnifu iliyotafuta utaratibu wa kupanga mahaba jukwaani. Mwaka 2016 yeye, Alicia Rodis na Siobhan Richardson walianzisha shirika la Intimacy Directors International, lililoifundisha kazi hiyo kwa nguzo tano: muktadha wa hadithi, mawasiliano, ridhaa, mpangilio wa miondoko, na kufunga kazi. Mwaka 2018 kampuni ya televisheni ya HBO ilitangaza kwamba vipindi vyake vyenye matendo ya namna hiyo vitakuwa na mratibu wa kuyapanga, na mwaka 2019 Claire Warden akawa mtu wa kwanza kutambuliwa kwa kazi hii katika igizo la Broadway, New York. Kwa vikundi vyetu, hata hivyo, habari yenye manufaa zaidi ni ya Chicago. Huko, mwaka 2017, vikundi vidogo na waigizaji wasio chini ya chama cha wafanyakazi walichapisha viwango vyao wenyewe vya usalama, baada ya kufichuka, mwaka 2016, unyanyasaji wa miaka mingi katika ukumbi mmoja mdogo uliokuwa ukisifiwa kwa uigizaji wake wa kuonekana halisi mno. Viwango hivyo ni vya hiari na vinapatikana bure, na sehemu kubwa yake inaweza kufuatwa na kikundi kinachofanyia mazoezi katika ukumbi wa kijamii wa Kisumu au darasani Njoro bila gharama yoyote.

Nani awe mpangaji

Mpangaji wa matendo ya faragha asiwe mwelekezi wa igizo, asiwe mwigizaji aliyemo katika onyesho (yaani sehemu ya igizo) linalopangwa, wala asiwe mchumba au mwenzi wa mmoja wao. Sababu yake ni ya wazi. Mwelekezi ndiye anayetoa nafasi za kuigiza na ndiye anayeweza kuzichukua, kwa hiyo mwigizaji anayeulizwa naye kama anakubali kubusiwa huwa anaulizwa pia, hata bila kutamkwa, kama anataka kuendelea kuwa na kazi. Mtu wa tatu huipunguza shinikizo hiyo. Mwelekezi anabaki na mamlaka yake ya kusema hadithi inahitaji nini. Mpangaji anatafuta njia ya kulipata hilo ambayo miili ya waigizaji hawa wawili inaikubali.

Katika vikundi vyetu, mtu anayefaa mara nyingi tayari yumo: aliyezoea kupanga ngoma, aliyewahi kupanga mapigano, au msimamizi wa jukwaa mwenye utulivu na mwandiko unaosomeka. Awe mtu asiyesengenya. Sifa hiyo naiweka juu ya kipaji, kwa sababu atasikia mambo ambayo mwigizaji hajamwambia hata mume wake. Alipwe, hata kama ni kidogo, kwa kiwango kile kile cha mpangaji wa ngoma. Kazi isiyolipwa ndiyo ya kwanza kuachwa wiki ya mwisho inapobana. Asijiite mtaalamu ikiwa hajafunzwa. Mtu aliyejisomea anaweza kupanga busu au kumbatio, lakini uchi na ubakaji avipeleke nje ya macho ya hadhira, kwa sauti, kivuli au taa inayozimwa, mpaka kikundi kipate aliyefunzwa.

Mpangaji si askari wa maadili wala mshauri wa kisaikolojia. Hakuja kupunguza mapenzi jukwaani. Igizo lililopangwa vizuri huwa na joto zaidi, kwa kuwa mwigizaji anayejua mkono wa mwenzake utatua wapi ana nafasi ya kuigiza, ilhali asiyejua anashughulika na kujilinda.

Kabla ya kugawa nafasi

Mpangaji ausome mswada mzima akiwa na kalamu, aandike kila mguso unaotajwa na kila unaodokezwa. Maelekezo kama "wanaingia chumbani" au "anamtuliza" yana hatari kuliko "wanabusiana", maana hayasemi lolote na kila mtu atayajaza kwa mawazo yake. Aketi na mwelekezi waulizane, onyesho kwa onyesho, hadhira inapaswa kujua nini mwisho wake ambacho haikukijua mwanzoni. Majibu ya swali hilo huondoa miguso mingi ambayo haikuwa na kazi.

Kisha mahitaji yatangazwe mapema. Tangazo la usaili linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp liseme wazi: nafasi ya mke wa pili ina kumbatio la muda mrefu na busu moja shavuni; nafasi ya kijana wa bodaboda ina onyesho la kuvuliwa shati. Anayekuja, aje akijua. Wakati wa usaili mtu yeyote asiombwe kumbusu mwenzake waliyekutana naye asubuhi hiyo ili ionekane kama wanaendana. Kuendana kwao kutaonekana katika namna wanavyosikilizana.

Mazungumzo ya mipaka yafanyike ana kwa ana na kila mwigizaji peke yake, mahali ambapo watu wengine wanawaona lakini hawawasikii: kibarazani mwa ukumbi, chini ya mti uani. Yasifanyike nyumbani kwa mtu, wala ndani ya gari, wala usiku. Mpangaji asimwulize sababu. Katika miji yetu sababu ni nyingi na zote ni halali. Mmoja ameolewa juzi na mama mkwe wake anauza mboga mita chache kutoka ukumbini. Mwingine ni mwimbaji kanisani. Mwingine alipitia jambo ambalo hakusudii kulisimulia. Mwigizaji anayekaa Kondele au Nyalenda mjini Kisumu, Kaptembwo au Shabab mjini Nakuru, hakutani na hadhira yake jukwaani tu. Kesho yake atapanda matatu nayo. Kwa hiyo asishurutishwe kwa maneno ya kwamba msanii wa kweli haoni haya, wala asisomewe methali ya mficha uchi hazai. Alichokikataa kiandikwe kama alivyokisema, na onyesho lipangwe kwa kile kilichobaki.

Zoezi la mipaka

Siku ya kwanza ya kulishughulikia onyesho la faragha, waigizaji wawili wasimame wakitazamana, umbali wa hatua mbili. Wa kwanza apitishe mikono yake mwenyewe juu ya mwili wake, kuanzia utosini hadi miguuni, akigusa kila sehemu anayokubali iguswe na kuiruka kila asiyoikubali. Mwenzake atazame tu. Kisha amshike mwenzake mikono na kuipitisha yeye mwenyewe mahali pale pale, taratibu, kifua na mapaja yakirukwa kama alivyoyaruka. Mwisho mwenzake arudie kwa maneno: "Mabega, mgongo wa juu, mikono yote, shavu la kulia, kichwa hapana." Wabadilishane nafasi. Zoezi lote halimalizi dakika tano, na hulipa muda huo kila siku.

Lirudiwe kila mazoezi, hata kwa watu walioigiza pamoja miaka mingi, kwa kuwa mwili wa leo si wa jana. Mwigizaji aliyesukwa nywele jana jioni hataki kichwa kiguswe. Anayenyonyesha hawezi kukumbatiwa kwa nguvu kifuani. Aliyechomwa sindano ya chanjo mkononi, aliyeumia mgongo kwa kubeba mizigo, aliyemo kwenye mwezi wake, kila mmoja ana la kusema na asione aibu kulisema. Ridhaa iliyotolewa Jumanne inaweza kuondolewa Alhamisi, na inapoondolewa mpangilio ndio unaobadilika.

Kikundi kichague pia neno moja la kusimamisha kazi. Neno la kawaida kama "subiri" linatosha, mradi lisiwemo katika maneno ya igizo. Yeyote akilitamka, hata mshika taa, wote wanasimama na mikono inashuka. Aliyelitamka aseme anachohitaji ili kazi iendelee, na kama hataki kueleza kwa nini, asiulizwe. Mwelekezi awe wa kwanza kulitumia kwa jambo dogo, kwa mfano viatu vinavyobana, ili waigizaji chipukizi waone kwamba neno hilo halina ghadhabu ndani yake.

Lugha ya kupangia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mwelekezi akimwambia kijana "mshike kwa mahaba", amemwomba alete mapenzi yake binafsi, na mwenzake atapokea chochote kitakacholetwa. Mpangaji husema kwa vipimo: umbali, mwelekeo, hesabu (urefu wa tendo kwa kuhesabu moja, mbili, tatu), macho, pumzi, uzito. "Punguza umbali kwa hatua mbili. Kiganja cha kulia kwenye bega lake la kushoto, kwa hesabu tatu. Yeye ageuze macho kwanza." Maneno hayo hayamwaibishi mtu, yanaweza kuandikwa, na muhimu zaidi kwa kazi ya jukwaani, yanaweza kurudiwa vile vile kesho.

Kuhusu nguvu ya mguso, Chelsea Pace, mwalimu wa uigizaji wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, hufundisha viwango vitatu: mguso unaofika kwenye ngozi tu, unaofika kwenye msuli, na unaofika kwenye mfupa. Waigizaji wavijaribu kwenye mkono kuanzia kiwiko hadi vidole mpaka wavielewe kwa namna moja. Baada ya hapo "shika bega, kiwango cha msuli, hesabu nne" ni agizo lisilohitaji ufafanuzi.

Mpaka busu lipangwe, waigizaji watumie badala yake viganja vilivyokutanishwa, au paji la uso kwa paji la uso ikiwa wote wanakubali. Mazoezi ya maneno yanaweza kuendelea wiki kadhaa hivyo. Hakuna faida ya kubusiana kila siku kwa igizo ambalo bado halijajulikana litamalizikaje. Busu lenyewe likipangwa, midomo ifungwe, urefu wake uhesabiwe, na ijulikane ni nani anayelianza na ni nani anayelimaliza. Kwenye jukwaa ambalo hadhira iko upande mmoja tu, kama la ukumbi wa Nakuru Players, mkono unaweza kushika shavu na kidole gumba kikalala juu ya midomo, mgongo wa mkono ukiwa upande wa watazamaji, na midomo isigusane kabisa. Ukumbini wenye watu pande tatu ujanja huo hufichuka, na igizo la sokoni linalozungukwa na watu halina pembe ya kujificha. Huko ni afadhali kuchagua tendo ambalo si la hila: paji la uso, pumzi mbili pamoja, kisha kuachana.

Mfano mmoja kwa ukaribu

Tuchukue igizo la jamii litakaloigizwa ufuoni Dunga, Kisumu, kuhusu jaboya, ile biashara ya mvuvi kumwuzia mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye. Onyesho zito ni lile la makubaliano. Mvuvi yuko kando ya mtumbwi. Mama mchuuzi amekuja na beseni tupu. Waigizaji wakiachwa wenyewe, jambo la kwanza watakalofanya ni mvuvi kumvuta mama kiunoni na kumburuta nyuma ya mtumbwi huku akipiga mayowe. Hadhira itacheka, na ubaya wa jaboya utapotea, maana jaboya mara nyingi haina mayowe. Ni biashara inayofanyika kwa sauti ya chini, na mama huingia kwa miguu yake kwa sababu nyumbani kuna watoto.

Kwa hiyo hadithi inataka hadhira ione bei ikilipwa. Mpangilio unaweza kuwa hivi. Mama anashika beseni kwa mikono miwili, usawa wa kiuno, na hataliachia mpaka mwisho. Mvuvi anaweka ngege wawili ndani, mmoja mmoja, kwa hesabu nne, macho yake yakiwa usoni mwa mama. Mama anatazama samaki. Mvuvi anapunguza umbali kwa hatua mbili, mguu wa kulia kwanza, na kusimama mahali mkono unapofika. Kiganja chake cha kulia kinashuka kwenye ukingo wa beseni, kisha vidole vinne vinagusa upande wa nje wa kifundo cha mkono wa kushoto wa mama, kiwango cha ngozi, hesabu nne. Katika hesabu mbili za kwanza mama anavuta pumzi, katika mbili za mwisho anaizuia. Uzito wake unahamia kwenye kisigino cha nyuma. Kwa mkono wa kushoto mvuvi anaweka ngege wa tatu. Mama anageuza macho kutazama njia aliyoijia, hesabu tatu. Mvuvi anaondoa vidole na kutangulia kutoka bila kugeuka nyuma. Mama anabaki peke yake hesabu sita, anajitwisha beseni, anamfuata.

Mguso ni mmoja tu katika onyesho zima, wa vidole juu ya kifundo cha mkono, na hakuna mtu mzima ufuoni asiyeelewa kilichotokea. Beseni lina kazi mbili. Kwa hadhira ni mali ya mama ambayo hawezi kuitupa. Kwa mwigizaji ni ishara ya usalama. Jukwaani mbele ya watu hawezi kusema "subiri", kwa hiyo wamekubaliana kwamba akiliteremsha chini kabla ya wakati, mvuvi ataacha mguso wote na kuruka hadi kwenye maneno yanayofuata. Kila onyesho la faragha linahitaji ishara ya namna hiyo isiyotambuliwa na watazamaji.

Msimamizi wa jukwaa ayaandike yote hayo pembezoni mwa mswada wake, pamoja na hesabu, mkono wa kulia au wa kushoto, na ishara ya kuacha. Maandishi hayo ndiyo yatakayoamua ubishi wowote utakaozuka baadaye.

Hadhira na jaribu la kuongeza

Filamu hupigwa mara chache na kuisha. Igizo hurudiwa, na kila mara mbele ya watu wengine wanaopiga kelele zao. Vikundi vinavyozunguka shule za Nakuru, Kakamega au Busia na tamthilia za mtihani vinalijua hili vizuri. Ukumbi uliojaa wanafunzi hulipuka mara wapenzi wawili wanaposogeleana hata kwa hatua moja, na kelele hizo hulewesha. Mwigizaji aliyekuwa na hesabu tatu anabaki mpaka sita. Mkono uliokuwa begani unateremka mgongoni. Hadhira inazidi kupiga miluzi na mwenzake hana pa kwenda. Akilalamika garini wakirudi, huambiwa kwamba wanafunzi walipenda.

Kanuni iwe moja na isiwe na msamaha kwa nyota wa kikundi: katika matendo ya faragha hakuna kuongeza chochote jukwaani. Maneno yanaweza kuongezwa papo hapo na vichekesho vikazaliwa huko huko, lakini mguso hubaki ule uliokubaliwa, hata nderemo zikivuma vipi. Mwigizaji anayeona kelele zinameza maneno yake na asimame kimya azisubiri zipungue, akiwa kwenye umbali wake, bila kusogea. Aliyeongeza mguso aitwe siku hiyo hiyo na mpangaji na msimamizi wa jukwaa, asomewe maandishi, na aliyeguswa aulizwe kama yuko tayari kuendelea kesho. Akirudia, nafasi yake aichukue mwigizaji wa akiba. Najua kikundi chenye watu sita kinaona adhabu hiyo ni nzito. Lakini kikundi kinachoiogopa kitawapoteza waigizaji wa kike mmoja mmoja, na wengi wao wataondoka bila kusema kwa nini.

Simu nazo zipangiwe. Video ya sekunde kumi ya kumbatio, iliyokatwa mbele na nyuma na kutumwa kijijini, imeharibu nyumba za watu. Mtangazaji aombe kabla ya kuanza kwamba sehemu fulani zisirekodiwe. Mwisho wa igizo, waigizaji wajitokeze mstari mmoja, watajwe kwa majina yao halisi na nafasi walizoigiza, hasa pale mtu ameigiza mbakaji au kahaba, ili jina la jukwaani lisimfuate stendi ya matatu.

Watoto na sheria

Kwa drama za shule mashauri yangu ni mafupi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na wengi wa wanafunzi wa sekondari wanaoigiza mume na mke wamo humo. Wasipangiwe busu, kitanda wala mguso wa mapenzi. Pete, kanga inayokabidhiwa, taa ya chemni inayozimwa na wimbo wa harusi kutoka nyuma ya pazia vinatosha kusema yote. Ridhaa itafutwe kwa mzazi na kwa mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu asimwonyeshe mwanafunzi mguso kwa kumgusa, na watu wazima wasipungue wawili katika mazoezi hayo.

Kwa watu wazima, uigizaji si ngao. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inakataza kumgusa mtu matiti, makalio au sehemu za siri bila ridhaa yake, na kuvuka mpaka uliokubaliwa hakuhalalishwi na pazia kuwa wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kikundi kidogo hakilazimishwi, lakini hakizuiwi kuwa na ukurasa mmoja unaosema nani ataambiwa na nini kitafanyika. Kwenye ukurasa huo yaandikwe majina ya watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao akiwa nje ya kikundi, na nambari za bure za kitaifa: 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto.

Siku ya kuigiza

Kabla milango haijafunguliwa, kila onyesho la faragha lipitiwe mara moja, polepole na kisha kwa mwendo wake wa kawaida, msimamizi wa jukwaa akifuatilia kwa maandishi. Lifanywe pamoja na mapigano, kwa utaratibu ule ule. Hapo ndipo hugundulika kwamba jukwaa la leo ni jembamba kuliko la jana, kwamba ardhi ya uwanjani ina mteremko, au kwamba gauni la leo halina mshipi ule mkono ulikuwa ukitua juu yake. Mswaki, maji na peremende viwepo; mwenye kikohozi au kidonda mdomoni aseme bila kusubiri kuulizwa, na busu ligeuke kuwa mpangilio wa pili ambao tayari ulifanyiwa mazoezi. Mahali pasipo na chumba cha kubadilishia, leso mbili na kamba hutosha kutenga pembe, na kikundi kisikubali kuigiza pasipo na pembe hiyo.

Baada ya igizo, waigizaji wa onyesho zito wapewe dakika mbili za kuachana na nafasi zao kabla ya kupiga picha na mashabiki. Wengine huosha uso. Wengine husimama wakitazamana kama siku ya zoezi la mipaka, kila mmoja akamwita mwenzake kwa jina lake la nyumbani na kumshukuru. Waliomo kwenye ndoa hulihitaji jambo hili zaidi, na mwenzi wa mwigizaji akialikwa kuangalia mazoezi mara moja kabla ya hadhira kuja, ugomvi mwingi wa nyumbani hauzaliwi.

Msimu ukiisha, video zote za mazoezi zilizomo kwenye simu za wanakikundi zifutwe mbele ya mpangaji, na maandishi ya mpangilio yabaki kwa msimamizi wa jukwaa peke yake. Igizo likirudishwa baada ya miezi, hata kama waigizaji ni wale wale, kazi ianze na zoezi la mipaka, ndipo maandishi yafunguliwe. Akiingia mwigizaji mpya, asiambiwe mtangulizi wake alikubali nini. Aulizwe kwanza yeye, na pale jibu lake linapotofautiana na maandishi ya zamani, maandishi yafutwe na onyesho lipangwe upya.